Karavani ya mtumba kutoka Afrika Kusini: taa zinawaka, prizi zimekufa, na bado niliinunua

Nianze na hukumu kwa wasio na muda. Karavani yenyewe, yaani chumba cha kulala chenye magurudumu kinachovutwa na gari, ni nzuri, bei ya kwanza ilikuwa ya kunitazama sura, na yadi iliyoniuzia msiiamini kwa neno lolote linalohusu umeme. Niliinunua nikijua umeme wake umeumia, na sijutii. Lakini sikulipa walichotaka, na kilichoshusha bei ni mita ya fundi, si ulimi wangu.

Kazi yangu ni kupika na kupamba harusi hapa Lubumbashi. Zamani watu walitaka ukumbi wa mjini. Siku hizi mwenye uwezo anataka shamba, barabara ya Kasenga au upande wa Kipushi, mahema meupe, majani yaliyofyekwa, picha jua likizama. Shida ni kwamba shambani hakuna pa kumvisha bibi harusi. Nimeona mmoja akibadilisha gauni ndani ya gari, shangazi zake wameshika vitenge madirishani huku wapiga picha wakizunguka. Ndipo nikaanza kutafuta karavani: kitanda kinachokunjwa kuwa makochi, kioo, beseni la maji, friji ndogo ya maua na vinywaji, na prizi za pasi na mashine ya kukausha nywele. Bila hizo prizi nimenunua kibanda chenye magurudumu.

Zinazofika huku ni za Afrika Kusini. Zimetumika huko miaka mingi likizoni, zinavutwa kupitia Zambia na kuingia mpakani Kasumbalesa, kilomita kama 90 kutoka mjini. Wanaozigombania ni kampuni ndogo za migodini, zinazotaka pa kulaza walinzi na wanajiolojia kabla kambi haijajengwa. Kwa hiyo karavani nyingi za hapa zina maisha mawili, ya likizo na ya kambi, na hayo ya pili ndiyo ya kuulizia. Kwenye kambi ya watalii karavani huchomekwa kwenye umeme wenye kinga zake. Kwenye kambi ya mgodi huchomekwa popote, na mtu yeyote.

Picha wanazotuma kwenye WhatsApp hazionyeshi jambo moja: mlango uko ubavu wa kushoto. Afrika Kusini wanaendesha kushoto, kwa hiyo mlango unafungukia ukingoni, salama. Hapa Kongo tunaendesha kulia, na ukiegesha kando ya barabara mlango huohuo unafungukia malori ya shaba yanayopita. Shambani haina neno. Ila mwenye mpango wa kuuzia chakula barabarani aifikirie hiyo kabla ya kutoa pesa, maana kuhamisha mlango si kazi ya mchezo.

Yadi iko kwenye barabara ya kwenda Kasumbalesa, jina naliacha. Mkaguzi wangu wa kwanza alikuwa pua. Niliingia ndani, nikafunga mlango na madirisha, nikasimama kimya. Harufu ya ukungu maana yake maji yanaingia. Harufu ya plastiki iliyoungua maana yake umeme. Humu hapakuwa na ukungu, ila kabatini, karibu na sanduku la umeme, palikuwa na ile harufu kali ya redio iliyoungua. Kijana wa mauzo akaniona navuta pumzi.

“Mama, iko sawa mupya! Angalia, kura iko.” Kura ndiyo umeme kwa lugha ya hapa. Akawasha taa zote, moja baada ya nyingine, kama mchezaji wa karata.

Hapo ndipo wengi wanapoingia mkenge. Karavani ina umeme wa aina mbili ambao karibu haujuani. Upo wa volti 12, wa betri, unaowasha taa na pampu ya maji. Upo wa volti 220, unaoingia kwa waya kutoka nje na kwenda kwenye prizi, friji, na chaja ya ndani inayojaza betri. Kijana alikuwa amefunga betri ya gari lake chini ya kiti. Taa kuwaka ilithibitisha betri ya gari lake ni nzima, basi. Nikamwambia, “Mwanangu, hizo ni za batri. Nionyeshe prizi.” Akasema fundi wao hayupo, na shida ni fisibu, yaani fyuzi, moja tu, kitu kidogo, ya dola mbili.

Nikatazama waya wa kuingizia umeme. Karavani hizi hutoka na plagi ya bluu ya mviringo, pini tatu, ya ampea 16. Hii ilikuwa imekatwa, ikafungwa plagi ya kawaida ya nyumbani ya pini mbili, na ule waya wa kijani na njano, wa ardhi, ulikunjwa nyuma na kuzungushiwa utepe mweusi. Kwangu hilo ni kubwa kuliko harufu. Karavani imesimama juu ya mpira. Fezi, waya unaoleta umeme, ikigusa bodi yake ya chuma na waya wa ardhi haupo, bodi nzima inakuwa na umeme na hakuna kinachokata. Sasa fikiria bibi harusi, miguu mitupu, majani yana umande, anashika kitasa cha chuma ili apande.

Nilirudi na fundi wangu, muzee wa Kamalondo aliyestaafu kutoka karakana za Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Wateja wangu wengine wanamwona ghali. Mimi naona ghali ni friji iliyoungua. Alikuja na mita, mega ya kupimia ganda la waya, betri yake mwenyewe, na jenereta yangu ndogo ya harusi. Kijana alipoona bisibisi ikielekea kwenye sanduku la umeme akaruka: “Papa, usifungule pale, garanti itaisha!” Garanti ya chombo kinachouzwa kama kilivyo, bila risiti ya kwanza, bila mwaka. Muzee akamjibu kwa upole kwamba basi na yeye anaenda nyumbani, na mama huyu anaenda naye na pesa zake. Bisibisi ikaendelea.

Alichokifanya nakieleza kwa urefu, maana ndicho ambacho sikukiona kwenye tangazo lolote la karavani hapa mjini.

Hakuwasha kitu kwanza. Alichomoa chaja na friji, akaunganisha fezi na nyutro, waya wa kurudishia umeme, pamoja, kisha akapima kwa mega ya volti 500 kati ya hizo na ardhi. Kwenye waya mzima unataka zaidi ya megaohmu 1. Hapa namba ilipanda ikakaa juu sana. Akatabasamu kwa mara ya kwanza. Waya zilizomo ukutani hazikuwa zimepikwa. Kama zingekuwa zimepikwa, angeniambia tuondoke, kwa sababu kubadilisha waya za karavani ni kubomoa kuta zake, na kuta zenyewe ni mbao nyembamba na sifongo katikati ya bati.

Kisha akageukia chaja. Alipofungua kifuniko tukaona kisa chote: ndani kuna kidude cha duara mfano wa lozenji, varista, ambacho kazi yake ni kujitoa mhanga volti zikipanda kupita kiasi. Kilikuwa kimepasuka katikati na kuacha masizi, na fisibu ya pembeni yake imekatika. Friji nayo, ya aina inayopooza kwa kutumia joto, ina vipashio viwili, cha volti 12 na cha volti 220. Kibandiko chake kinasema wati 125, kwa hiyo kipashio cha 220 kingepaswa kuonyesha karibu ohmu 390. Mita haikuonyesha chochote, waya wa ndani umekatika. Kile cha volti 12 kilikuwa kizima, na upande wa gesi ukawaka bila tabu.

“Mama,” muzee akasema, “hii haikuungua polepole. Hii ilipigwa mara moja.”

Nimekaa na maneno hayo tangu siku ile, na ndiyo sababu naandika. Muuzaji akikwambia “umeme una shida kidogo”, anachanganya magonjwa matatu ambayo bei zake hazifanani hata kidogo.

La kwanza ni kupigwa. Volti zinapanda ghafla, kila kilichokuwa kimechomekwa wakati huo kinakufa, na waya zinabaki nzima. Kila nyumba ya Lubumbashi inalijua hili: nyutro ikikatika mahali fulani mtaani, volti hazikai tena kwenye 220, nyumba moja inapata kidogo na nyingine inaweza kusukumwa kuelekea 380. Taa inang'aa kupita kawaida, kisha televisheni inasema kwaheri. Au mtu mwenye plagi mpya anaunganisha fezi mbili za jenereta kubwa ya kambi akidhani ni fezi na nyutro. Kwenye 380 kipashio cha friji kinakula karibu mara tatu ya wati zake. Kwa kuiona ile plagi iliyokatwa, mimi naweka shilingi yangu kwenye jenereta.

La pili ni joto: waya mwembamba, mzigo mkubwa, siku nyingi. Dalili zake ni prizi zenye rangi ya kahawia kuzunguka matundu, plastiki iliyolegea, waya mgumu unaovunjika ukiukunja. Hilo lina gharama, lakini unaweza kulifuata prizi kwa prizi.

La tatu ni maji, nalo ndilo la kukimbia. Maji hayaui kitu siku moja. Yanaingia kwenye pembe ya dirisha, yanaozesha fremu ya mbao, yanafanya shaba kuwa kijani ndani ya viungio usivyoviona, na hitilafu inatokea leo kona hii, mwezi ujao kona ile. Karavani iliyopigwa unaitengeneza ikapona. Iliyonyeshewa, utakuwa unaitibu mpaka uichoke. Ndiyo maana nashauri kununua Januari, mvua zikiwa kwenye bati, si Julai. Kiangazi chetu kinakausha kila kitu na kumsafishia muuzaji jina.

Kwetu maji yalikuwa yamegusa nyuma tu. Taa ya kulia ilikuwa na ukijani, na ukikanyaga breki, kiashiria cha kona nacho kinawaka kwa unyonge. Muzee alicheka: ukiona taa zinasaidiana hivyo, waya wa ardhi wa kichwa cha pini saba kinachounganisha taa na gari, ule mweupe, haushiki vizuri. Alisugua, akakaza, zikatengana. Alibonyeza kuta zote kwa kidole gumba, hasa chini ya dirisha la mbele, na hakuna palipobonyea.

Mwisho akaweka umeme wa jenereta kwa saketi moja moja. Disjonta, ile swichi ya kinga inayokata umeme ukivuja kwenda ardhini, ilikuwa imeganda. Unabonyeza kitufe cha majaribio, haishtuki. Betri iliyokuja na karavani ilikaa kwenye volti 10.5 hata baada ya kuchajiwa usiku kucha. Betri ya aina hii nzima, ikipumzika, husimama karibu na 12.7. Ina vyumba sita vya volti 2 na kidogo kila kimoja, kwa hiyo ikikosa mbili ujue chumba kimoja kimekufa, na hakuna chaja itakayokifufua.

Sasa bei. Walitaka dola 4,800. Niliandika kwenye karatasi kila kilichokufa, mbele ya kijana na baba yake mdogo aliyekuja baadaye, nikaomba dola 3,200. Huyo baba mdogo, mzee wa yadi, nimsifu hapa, hakubishana na mita. Alibishana na mimi. Tukaafikiana 3,500, na nikakataa kutoa avansi, malipo ya awali, mpaka namba ya chasi ilingane na karatasi za DGDA, idara ya forodha ya Kongo. Ililingana. Alitaka kuandika kwamba mnunuzi ameridhika na umeme. Nikamwomba aandike kwamba umeme wa volti 220 haufanyi kazi na bei imezingatia hilo. Akaandika. Mtu anayekubali kuandika ukweli baada ya kuusema uongo, nampa alama zake.

Matengenezo: chaja mpya dola 140, disjonta mbili 45, betri ya saa-ampea 100 dola 160, plagi ya bluu, prizi na waya 60, kazi ya muzee 120. Jumla 525. Kipashio cha friji sikukinunua. Inakwenda kwa gesi, na kwa gesi haijali kama umeme umekatika. Ila friji za namna hii lazima karavani isimame sawasawa, ikiinama haipoozi, kwa hiyo nimenunua na pima maji ndogo.

Kuhusu waya, niwaonye. Tunaishi kwenye mji wa shaba, malori yake yanatuziba njia, halafu dukani unauziwa waya wa alumini uliopakwa shaba juu. Bei yake ndiyo inayokushawishi. Kwangua ncha kwa kisu: ukiona cheupe ndani, urudishe. Kwa ampea 16 muzee anataka shaba kamili ya milimita mraba 2.5, na kwenye volti 12 anataka nene zaidi, kwa sababu kipashio cha volti 12 cha friji ile, cha wati 120, kinavuta ampea 10, na kwenye waya mwembamba sehemu ya nguvu inapotelea njiani.

Na jenereta: ndogo nyingi nyutro yake haijaunganishwa na ardhi popote, hivyo ile disjonta haina njia ya kuona uvujaji hata ikiwa mpya. Muzee aliunganisha nyutro na fremu ya jenereta, akafunga fremu kwenye fimbo ya shaba tunayoigongea ardhini kila tunapofika. Usijifanyie mwenyewe, lipa fundi.

Matairi niliyabadilisha bila mjadala. Tarehe yake iko ubavuni, tarakimu nne, wiki na mwaka. Viungio vya gesi tulivipaka povu la sabuni kutafuta uvujaji, hakuna lililovimba.

Tangu hapo karavani imefanya kazi msimu mzima wa harusi. Malalamiko niliyonayo ni ya wanadamu. Ampea 16 kwa volti 220 ni wati 3,520. Mashine ya nywele ya wati 2,000 na pasi ya wati 2,200 haziwezi kuishi pamoja, lakini waelezee hayo mashangazi wa bibi harusi saa nne asubuhi. Nimebandika karatasi mlangoni: pasi au nywele, si vyote. Disjonta ikikata, wananiita mimi, “Mama, kura imeenda,” kana kwamba nimeipeleka mimi.

Alama zangu: karavani nne kwa tano, ile moja inayokosekana ni ya mlango wa kushoto. Fundi tano. Yadi alama mbili, zote za yule mzee wa yadi na kalamu yake.

Nilipoenda kuchukua karatasi za mwisho palikuwa na karavani nyingine mbili. Ile fupi yenye mstari wa machungwa bado ina plagi yake ya bluu ya kiwandani na prizi zake hazina kahawia. Nendeni na mega mkaipime. Ile ndefu iliyoegeshwa ukutani, yenye rangi mpya nje, sakafu yake inabonyea ukikanyaga karibu na beseni. Iacheni hapohapo.